Kivuli Kije Kwako

Sitawaambieni jina lake, na si kwamba nimelisahau. Kazini hakuna aliyelitumia. Kuanzia mlinzi wa getini hadi Kapteni, wote tulimwita Msomaji, na yeye mwenyewe akipokea simu husema, "Msomaji hapa," kisha hunyamaza mpaka useme shida yako. Alizaliwa wapi, ndugu zake ni akina nani, sikuuliza, wala hakuwa mtu wa kukusimulia ukoo. Ninachokijua ni mikono yake, mdomo wake mkali, na siku moja ya mvua.

Kazi yake ilikuwa kusoma picha. Kikosi chetu kilikuwa na ndege ya upelelezi, kuukuu, ya injini mbili, yenye kamera kubwa tumboni. Ikirudi kutoka angani, mkanda wa filamu unapelekwa chumba cha giza, picha zinasafishwa, zinakaushwa, kisha zinafika mezani kwake. Anaziweka mbili mbili chini ya darubini ndogo ya miguu minne, anainama, na baada ya muda anakwambia: hapa pana njia mpya, hapa mto umehama, nyumba hii mwaka jana haikuwa na bati. Mimi nililetwa pale kama mtumishi wa kiraia, msichana wa Singida niliyetoka chuo cha upimaji, nikapewa kiti mbele ya meza yake nijifunze.

Siku ya kwanza alinisukumia picha moja ya milima ya Uluguru.

"Unaona nini?"

"Naona mabonde, mzee."

"Mangapi?"

"Manne."

Akaichukua, akaigeuza juu chini, akanirudishia. Jamani! Yale mabonde yangu manne yaliinuka mbele ya macho yangu yakawa migongo ya milima, na kule nilikoona migongo kukazama kukawa mabonde. Nilirudisha kiti nyuma kwa hofu. Yeye hakucheka hata kidogo.

"Macho yamezoea mwanga utoke juu," akasema. "Ukiiweka picha kivuli kikakukimbia kwenda mbele, macho yanachanganyikiwa. Mlima unakuwa shimo, shimo linakuwa mlima, na wewe utaapa kwa Mungu kwamba umeona. Kwa hiyo kabla hujasoma, kabla hata hujakaa vizuri, geuza picha mpaka kivuli kije kwako. Sema."

"Kivuli kije kwangu."

"Tena."

Nilisema mpaka wenzangu wa chumba cha giza wakachungulia mlangoni kuona ni nani anayefundishwa kuhesabu.

Alikuwa na vituko, mzee yule. Lenzi za darubini alizifuta kwa kipande cha khanga ya marehemu mkewe, na ole wako ukikigusa. Alipenda karanga za kukaanga kupita kiasi, lakini mezani hazikuruhusiwa. Alikwenda kuzila nje, amesimama, kisha ananawa mikono mara mbili kwa sabuni. Kwa kuwa miaka mingi alikaa akitazamana na watu na karatasi zao, alisoma gazeti lililo mikononi mwa mtu mwingine, juu chini, haraka kuliko mwenye gazeti. Kapteni aliacha kufungua barua mbele yake. Mwezi wa Ramadhani alifunga bila kukosa siku, lakini ukiacha alama ya kidole kwenye picha, matusi yaliyomtoka yangemtia aibu utingo wa lori.

Sifa hakuitoa. Miaka saba nilikaa naye, na neno zuri kabisa nililolipata ni "haya." Ukisoma vibaya: "Rudia." Ukisoma vizuri: "Haya." Siku ukipata "haya" mbili, unarudi nyumbani Mafiga unaimba njia nzima.

Tena alikuwa mwoga wa kupanda ndege. Ndiyo, yeye huyo aliyeijua nchi kutokea juu kuliko rubani. Alialikwa mara nyingi, akakataa katakata. "Bibi mwacheni na wajukuu zake," alisema, maana ndege ile aliiita Bibi. Badala yake, likizo ikifika, alivaa viatu vya mpira na kupanda Uluguru kwa miguu, wiki nzima, picha zikiwa kwenye mfuko wa nailoni. Nilimuuliza anakwenda kutafuta nini.

"Nakwenda kuona kama nilisema uongo."

Kutoka likizo moja kama hiyo alirudi akaniambia, bila hata kuniangalia, "Nimekutana na kijana mmoja huko juu, bwana miti. Ana adabu. Anaujua kila mti kwa jina. Hana mke." Kisha akainamia darubini yake. Nilikasirika, wallahi nilikasirika, nani kamtuma? Lakini mwaka ule ule bwana miti huyo alifika ofisini na mfuko wa matunda-damu, yale mekundu ya mlimani, akasema ni ya Msomaji, na akakaa nusu saa akizungumza na mimi. Huyo ndiye mume wangu.

Basi yakaja mambo ya soko huria. Viwanda vya mjini vikawa vinauzwa, vingine vinafungwa, mitumba ikajaa sokoni, na kila ofisi neno likawa ni moja: kupunguzwa. Kila wiki kuna aliyepewa bahasha ya kuachishwa kazi. Wakati huo huo kikosi kikaamua kumfufua Bibi. Akaja mhandisi mmoja mzungu na makasha yake, wakaitoa kamera, wakaliziba lile tundu kwa bamba la bati, wakafunga chini ya tumbo sanduku refu la rada. Picha sasa hazingekuwa za filamu. Zingekuwa ndani ya kompyuta.

Haikuwa rahisi. Mwanzoni kila picha ilijaa michirizi, kumbe ni umeme wa zile injini kuukuu uliokuwa unapenya kwenye rada, na mafundi wetu walilala chini ya Bibi wiki tatu wakivisha nyaya upya. Lakini ilipotengemaa, lo! Rada ilipenya mawingu. Wanaoijua Uluguru wanajua maana yake, kwa sababu milima ile inaweza kujifunika mwezi mzima usiione sura yake.

Msomaji alikwenda jioni moja hadi kwenye banda la ndege, akalitazama lile bamba lililoziba tundu la kamera.

"Wamemfumba Bibi jicho," akasema, "wamempa sikio. Hiki kitu hakioni. Kinapiga kelele, kisha kinasikiliza mwangwi."

Mimi nilipelekwa kozi miezi sita, nikarudi na cheti na maringo kidogo, nisiseme uongo. Yeye hakupelekwa. Alijaribu. Alikaa mbele ya kioo cha kompyuta, akasogeza uso, akarudisha nyuma, akapangusa kile kioo kwa khanga ya mkewe. Picha za rada ni chembechembe nyeupe na nyeusi, zinacheza, hazitulii. Alikaa siku nne, ya tano akarudi kwenye darubini yake kusoma picha za zamani ambazo hakuna aliyezihitaji.

Kapteni akaniita. Alitaka maoni kwa maandishi: nani katika chumba cha picha anaweza kazi mpya, nani hawezi. Nafasi zilikuwa chache na hilo nililijua. Nina mtoto mchanga nyumbani, mshahara wa bwana miti mnaujua. Nikaandika. Kuhusu yeye niliandika mstari mmoja tu: hawezi kusoma picha za rada. Ilikuwa kweli, lakini niliipeleka ile karatasi bila kuisoma tena. Wiki mbili baadaye akapata bahasha yake. Hakuniuliza kitu, na mimi sikumwambia.

Siku yake ya mwisho kazini iliangukia kwenye ile mvua.

Mume wangu na wenzake wawili walikuwa wamepanda msituni kukagua mipaka, walale kwenye kibanda cha misitu, chenye paa la bati, kisha warudi kesho yake. Hawakurudi. Mvua ilipiga siku tatu mfululizo, mlima ukaanza kuporomoka, njia iliyozoeleka ikafutika. Kundi la watafutaji, wanakijiji na watu wa misitu, walipanda na redio moja, wakafika mahali njia inapogawanyika wakakwama. Ukungu ulikuwa mzito, mtu haoni mwenzake wa hatua kumi.

Kapteni, Mungu ambariki, alimwendea rubani mwenyewe. Bibi alikuwa bado kwenye majaribio. Wakaruka mchana, wakapita upande wa kusini wa milima kwa sababu upepo wa upande wa mjini ulikuwa mbaya, na saa tisa na nusu ile picha ikawa kwenye kioo mbele yangu. Kila mtu chumbani alikuwa amesimama. Mimi peke yangu nimekaa.

Redio ikakoroma. "Tuko njia panda. Ya kushoto inateremka korongoni, ya kulia inapanda mgongo wa mlima. Zote zinateleza vibaya. Tunaweza kujaribu moja tu, giza litatukuta. Tuambieni."

Bati kwenye rada hung'aa. Nikaliona: nukta nyeupe, kali. Kandoni mwake, kovu refu la maporomoko. Na ile nukta ilikuwa ndani ya bonde, chini kabisa.

"Kimeshuka," nikasema. "Kibanda kimechukuliwa na maporomoko. Kiko korongoni."

Kapteni akachukua redio. Nilikuwa nafikiria mwanangu, nitamwambiaje, hata sikujua kwamba nalia.

"Kivuli kiko wapi?"

Alikuwa mlangoni. Amebeba boksi la katoni, darubini yake ya miguu minne imechomoza juu, na maji yanamchuruzika. Alikuja kuchukua vitu vyake.

"Mzee, naomba," nikasema. "Si sasa hivi."

"Nakuuliza wewe. Kivuli kiko wapi?"

Nikatazama. Sehemu nyeusi zote kwenye kioo, vivuli vya milima ambako rada haikufika, zilikuwa zinaelekea juu, mbali nami. Kompyuta ile ilikuwa na desturi yake moja, kaskazini juu, siku zote, na rada ilikuwa imepiga kutokea kusini. Nilifundishwa jambo hili kabla sijafundishwa jingine lolote, na nilikuwa nimekaa mbele yake kama kipofu. Lakini kujua na kuona ni mambo mawili. Macho yangu yaling'ang'ania bonde.

"Igeuzeni," Kapteni akasema.

Mhandisi akatikisa kichwa. Ingebidi kompyuta ichore upya mstari kwa mstari, dakika arobaini. Redio ikakoroma tena: "Tuambieni, jamani, tunaloa."

Msomaji aliweka boksi chini. Akaisogelea meza, akanisukuma kwa bega, akaikumbatia ile monita, nzito, ya vioo vya zamani vile vyenye mgongo mkubwa, na akaipindua. Juu chini, pale pale mezani. Nyaya zilinyooka, vikombe vikaanguka, mhandisi akapiga ukelele kwa lugha yake. Picha haikuzimika.

"Soma," akasema.

Nikasoma. Na mlima ukageuka, jamani, ukageuka kama siku ile ya kwanza. Bonde likainuka. Ile nukta nyeupe ikapanda, ikatulia juu kabisa ya mgongo, na lile kovu likaanzia chini yake, hatua chache tu kutoka ukuta wa kibanda.

"Kiko juu!" nikapiga kelele. "Hakijashuka! Kiko mgongoni, waambie wapande!"

Kapteni hakuinua redio. "Dakika mbili zilizopita ulisema korongoni. Nina watu kumi na wanne kule. Una hakika?"

"Nina hakika."

"Ulikuwa na hakika hata mwanzo."

Kapteni akamgeukia Msomaji, na wote tukamtazama. Yeye hakuwa anatazama kioo. Alikuwa anatazama dirishani, kwenye mvua, mikono bado iko juu ya ile monita.

"Amesoma," akasema. Basi. Neno hilo tu.

Kapteni akabonyeza redio. "Pandeni. Njia ya kulia. Pandeni."

Tulisubiri kwa muda wa karibu saa mbili. Kuna mtu alileta chai, hakuna aliyeinywa. Nilikitazama kile kioo kilichopinduliwa mpaka chembe zikaanza kutembea. Saa kumi na mbili kasoro redio ikasema wamewakuta, watatu, wote hai, mmoja kaangukiwa na mti mguuni na ana homa kali. Nilijua ni yupi. Kesho yake tukasikia kwamba korongo lile lilijaa tope jioni ile ile.

Niligeuka nimkumbatie Msomaji. Hakuwepo. Wala boksi lake halikuwepo.

Nikajua ameondoka kwa hasira. Ameijua ile karatasi yangu, nikawaza, yeye anayesoma barua za watu juu chini. Amenisaidia kwa sababu ya mume wangu, na hataki kuuona uso wangu. Bahasha yake haikubadilishwa. Kapteni alijaribu, akaambiwa orodha imeshapita. Nikasema nitakwenda kwake wiki ijayo. Wiki ijayo mume wangu yuko hospitali, mwezi ujao anajifunza kutembea, halafu ikawa aibu. Aibu ikikaa inakuwa mazoea. Ukiniona sokoni siku zile nikivuka barabara ghafla, ujue nimeona kofia inayofanana na yake.

Miaka ikapita hivyo, na mume wangu ndiye aliyechoka. "Mwanamke, utavuka barabara mpaka lini? Na mtu mwenyewe tunakaa naye Mafiga hii hii!" Akachukua fimbo yake, tukaenda.

Nyumba ilikuwa ndogo, safi. Ukutani palikuwa na picha moja kubwa ya Uluguru kutoka angani, imetundikwa juu chini, maandishi ya pembeni yamepinduka. Yeye alikuwa kwenye kiti kando ya ukuta, amekonda, kofia kichwani. Mume wangu alibaki nje kwanza akihangaika na ngazi. Nikainama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akanitazama muda mrefu. "Umechelewa."

"Nimechelewa. Mzee, nimekuja kusema jambo. Ile bahasha yako... Kapteni aliomba maoni. Mimi ndiye niliyeandika kwamba huwezi."

"Najua. Ilikuwa mezani kwake. Mwandiko wako mzuri."

"Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Uliandika kweli." Akachukua kile kipande cha khanga kwenye goti lake, akakikunja. "Siku ile, ile televisheni yenu, unadhani niliona nini? Niliona majivu. Majivu tupu. Mlima sikuuona, kibanda sikukiona, kabla sijaigeuza wala baada ya kuigeuza."

"Lakini ulimwambia Kapteni nimesoma!"

"Si ulikuwa umesoma?"

"Na kama ningekuwa nimekosea?"

Akakikunjua kile kipande cha khanga, akakikunja tena.

"Ndiyo maana niliondoka," akasema. "Nilichokijua ni kwamba mwanafunzi wangu amekaa na kivuli kinamkimbia. Basi. Mengine niliyaacha juu yako, watu kumi na wanne, na yule kijana niliyekutafutia mwenyewe. Nikaogopa kuisikia redio. Nilifika hapa nikafunga mlango. Chakula hakikushuka. Asubuhi ndiyo nikamtuma jirani aulize hospitali kama kaletwa mtu au maiti."

Miaka yote ile nilidhani ni hasira. Nilikaa chini sakafuni pale pale, karibu na miguu yake, nikalia kama mtoto, na yeye akaniachia nilie.

Mume wangu akatokea mlangoni, jua la jioni likiwa mgongoni kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Subiri, usikae." Msomaji akajivuta mbele kwenye kiti, ameinama kidogo, vile vile alivyokuwa akiinamia meza. "Tembea nikuone. Njoo huku kwangu."

Mume wangu akatembea. Mguu wa kulia, fimbo, mguu wa kushoto. Kivuli chake kilimtangulia sakafuni, kirefu, kikafika miguuni pa Msomaji kabla yake. Mzee akakitazama kile kivuli, kisha akamtazama mwenye kivuli, kuanzia miguu hadi kichwa.

"Haya," akasema. Akavuta pumzi. "Haya."

Kisha akaniambia nikafungue kabati la jikoni, kuna karanga, nizilete hapa hapa mezani tule.